Kiongozi Huondolewaje? Hotuba kwa Wahitimu wa Mwihoko



Baadhi ya wahitimu wa leo watamchagua Rais kwa mara ya kwanza Agosti 2027. Basi wanafaa kujua: kiongozi akiwachosha watu kabla ya muhula kwisha, nani humtoa, na kwa sababu gani?

Kenya imeonja mifumo yote miwili, wa bunge na wa urais. Tarehe 12 Desemba 1963 Jomo Kenyatta, mbunge wa Gatundu, hapa hapa Kiambu, alikuwa Waziri Mkuu. Kiti chake kilitegemea wingi wa wabunge. Mwaka mmoja baadaye nchi ikawa jamhuri, naye akawa Rais huku akibaki mbunge. Katiba ya 2010 ndiyo iliyotenganisha kabisa: Rais wala mawaziri wake si wabunge.

Kaunti zilifuata mpango huo huo. Mwakilishi wa wadi ya Mwihoko huketi katika bunge la kaunti, lakini gavana hatoki humo. Ndiyo maana Desemba 2019, wawakilishi walipotaka kumbandua gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, haikutosha kusema wamemchoka. Walihitaji kura za thuluthi mbili ya wawakilishi wote, pamoja na mashtaka ya kukiuka katiba na kutumia mamlaka vibaya. Seneti ikasikiliza pande zote, ikaidhinisha tarehe 29 Januari 2020. Naibu wake, James Nyoro, akaapishwa bila uchaguzi mpya.

London mambo huenda mbio. Mwaka 2022 Waziri Mkuu wa Uingereza, Liz Truss, alidumu siku 49. Hakushtakiwa kwa lolote. Mpango wake wa kodi ulitikisa masoko ya fedha, wabunge wa chama chake wakamtupa mkono, akajiuzulu. Wapigakura hawakuulizwa.

Tanzania imechanganya mifumo hiyo. Edward Lowassa, Waziri Mkuu, alijiuzulu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond lililoibuliwa bungeni. Rais Jakaya Kikwete, aliyechaguliwa na wananchi, akabaki Ikulu.

Mfumo wa bunge, basi, humtoa kiongozi upesi, ila uamuzi uko mikononi mwa wanasiasa. Wa urais humpa mwananchi nafasi ya kumchagua mkuu wake mwenyewe, kisha humfunga naye muhula mzima, isipokuwa makosa yathibitishwe.

Hapa Kenya, mchakato wa BBI wa kurekebisha katiba ulitaka kurejesha cheo cha Waziri Mkuu kabla ya Mahakama ya Juu kuuzima tarehe 31 Machi 2022. Pendekezo kama hilo likirudi, wahitimu wa Mwihoko wasiishie kwenye majina ya vyeo. Wakisome kwanza kifungu cha kumwondoa mwenye cheo.