Mgeni Uwanjani: Ngoma za Usukumani na Safari za Kitamaduni



Magari yanayotoka Mwanza kwenda Serengeti kupitia lango la Ndabaka hupita Kisesa. Hapo, mwendo mfupi tu kutoka barabara kuu, kipo kilima cha Bujora na Makumbusho ya Wasukuma. Mengi hayasimami. Yanayosimama hukaa saa moja. Wageni wanaonyeshwa ngoma za watemi, wanapiga picha, safari inaendelea. Makumbusho nitayafikia. Kwanza naomba twende uwanjani.

Wasukuma wana vyama vikuu viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Masimulizi yanavirudisha kwa waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, walioshindana nani mwenye dawa kali zaidi. Ushindani wao haujaisha. Mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia Juni hivi hadi Agosti, vikundi hupangiana siku na uwanja. Vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wako huru kwenda huku na huku. Kwa desturi hakuna meza ya majaji: anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana manju hutunga nyimbo mpya kila msimu, hutafuta dawa ya mvuto, na huficha mbinu asizotaka wapinzani wazijue mapema.

Chukueni bugobogobo. Ilitoka shambani, kwenye vikundi vya kulima kwa pamoja, ambako ngoma ilipigwa kuwatia wakulima nguvu. Mchezaji anashika jembe la kweli, analizungusha, analirusha juu, analidaka, kisha mstari mzima unainama na kushusha majembe kwa pigo moja. Umati unalipuka kwa shangwe. Sasa tuseme upande wa pili wapo Bayeye, mafundi wa nyoka na dawa za sumu yake, na wamemtoa chatu. Mchezaji anamvaa shingoni. Watu wanachomoka mmoja mmoja, halafu makundi kwa makundi, watoto wakitangulia. Wenye majembe wanaona uwanja wao unapwaya, na hapo manju anatoa alichokuwa amekificha.

Onyesho la nusu saa tunaloliagiza hotelini lina majembe na chatu vilevile, ila halina mpinzani. Mgeni akishangilia au akisinzia, hakuna kinachobadilika. Uwanjani mgeni anahesabiwa: akisimama upande huu, upande ule umepungukiwa mtu. Ni safari chache mno zinazompa mgeni kazi ya kweli kati ya wenyeji, nasi tunayo hii mlangoni petu.

Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliithamini ngoma ya Wasukuma wakati wamisionari wengi waliiona ni upagani. Aliiingiza katika ibada, na mashindano yakaambatana na sikukuu ya Ekaristi, ambayo mara nyingi huangukia Juni. Ndiyo Bulabo ya Bujora. Makumbusho yalianzishwa mwaka 1968, miaka michache baada ya serikali kufuta utawala wa machifu mwaka 1963, wakati ngoma na viti vya watemi vilikuwa hatarini kupotea. Mgeni aliyetoka uwanjani akiingia humo haulizi tena bei ya kiingilio. Anauliza ngoma ile ilipigwa lini, na nani aliruhusiwa kuigusa.

Ombi langu kwenu, waongoza watalii na maofisa utamaduni, ni kwamba tuuze safari hii kwa msimu wa wenyeji. Juni nyumbu nao huwa ukanda wa magharibi wa Serengeti, kwa hiyo wageni wapo njiani tayari. Tusiombe tarehe ya mashindano isogezwe ili ifuate ratiba ya ndege. Tusiwapangie wageni viti vya mbele chini ya turubai, maana aliyekaa hawezi kuhama upande. Kutuza kuwe kwa mkono wa mgeni mwenyewe, akishapendezwa. Bahasha inayotolewa kabla ngoma haijalia inaua ushindani. Na manju aombwe ruhusa ya picha mapema, kwa kuwa vipo vitu vya uganga asivyopenda vionekane.

Gari likilala Kisesa usiku mmoja, ratiba ya mbugani inapungua usiku mmoja, na hapo ndipo kampuni zitasita. Napendekeza tuanze mjadala na gharama hiyo, viongozi wa vikundi vya ngoma wakiwemo humu ukumbini.