Kanisa la Mahali na Mkristo: Mazingatio kutoka Gatumba

Kanisa la mahali ni waamini wanaojuana kwa majina, wanaokusanyika sehemu moja kusikia Neno, kubatiza, kushiriki Meza ya Bwana na kutunzana chini ya wachungaji wanaofahamika. Kanisa la ulimwengu wote hukiriwa kwa imani. La mahali huonekana kwa macho, nalo ndilo lenye mlango, daftari la washirika na wagonjwa wa kutembelewa. Paulo aliwaandikia watu wa Korintho, Filipi na Thesalonike kama makundi ya namna hii. Kuchukuliana mizigo, kusameheana, kuonyana: hakuna hata moja linalowezekana kwa mtu aliye peke yake.

Gatumba ni mji mdogo nchini Burundi, kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Uvira, kando ya mto Rusizi, karibu na Ziwa Tanganyika. Wafanyabiashara na wakimbizi huvuka mpaka wa Kongo hapo, na Kirundi na Kiswahili husikika pamoja. Mahali ambapo watu huja na kuondoka hivyo, kujulikana si jambo dogo.

Ndiyo maana makanisa mengi ya ukanda huu hushika sana desturi ya barua ya utambulisho. Mshirika anayehama hupewa na mchungaji wake karatasi moja yenye muhuri: jina, ubatizo, maneno machache juu ya mwenendo wake. Huikunja, huitia katika mfuko wa plastiki pamoja na vitambulisho, na Jumapili ya kwanza huwakabidhi wazee wa kanisa analofikia. Desturi yenyewe ni ya kale. Katika Warumi 16, Paulo anamtambulisha Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na Kenkrea ilikuwa bandari ya Korintho, mji wa wapitaji kama Gatumba. Aliyekimbia vita bila karatasi hahesabiwi kuwa hana kwao: wazee humuuliza alibatizwa wapi na nani anamfahamu, na mara nyingi hupatikana mtu wa kijiji chake wa kumshuhudia.

Manufaa ya kujulikana huonekana zaidi siku ya msiba. Mwaka 2020 Rusizi ilivunja kingo zake, maji yakaingia majumbani Gatumba na maelfu wakahama. Katika mafuriko ya namna hiyo, redio yaweza kutangaza idadi ya nyumba, lakini mzee wa kanisa wa mtaa ndiye anayejua kwamba mjane wa nyumba ya tatu hana mtoto wa kumbebea godoro.

Hata hivyo, ibada peke yake haitoshi, na Gatumba inalijua hilo kwa uchungu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kambi ya wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao Banyamulenge (Watutsi wa Kongo), ilishambuliwa, na watu zaidi ya 150 wakauawa. Kundi la waasi wa Burundi la FNL lilikiri kuhusika. Walionusurika walieleza kwamba washambuliaji walikuja wakiimba nyimbo za dini. Ushuhuda huo unapaswa kulitetemesha kila kanisa la nchi hii. Wimbo waweza kuimbwa na yeyote. Ushirika humdai mwimbaji ajibu kwa matendo yake mbele ya ndugu. Mathayo 18 inaweka utaratibu: kuonywa faraghani, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa. Kanisa lisiloweza kumwonya mtu wake, au linalokusanya kabila moja tu kwa kuwaogopa wengine, limepungukiwa na kazi yake ya msingi.

Wapo waliojeruhiwa na viongozi, wakachagua mahubiri ya redio na simu. Jeraha lao ni la kweli, na kanisa halina haki ya kulidharau. Lakini mhubiri wa redioni hajui msikilizaji amelala njaa, wala hawezi kumpa Meza ya Bwana. Mgonjwa na mfungwa wasioweza kufika hawamo katika hoja hii: kwao kanisa ndilo linalopaswa kwenda.

Kupokelewa kwenyewe huchukua dakika chache. Barua husomwa mbele ya watu, mgeni husimama, mchungaji humpa mkono wa shirika kama ule wa Wagalatia 2, na jina lake huandikwa daftarini. Kuanzia Jumapili hiyo, asipoonekana, yupo wa kumuulizia.