Kipimo cha Paleti na Mlango Mwembamba



Nimeombwa nieleze kazi yangu ya ugavi. Nitasema juu ya kitu kimoja: paleti, yaani chaga linalowekwa chini ya mizigo ili foklifti iinue shehena nzima kwa mara moja.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliagiza paleti za bei nafuu. Zilipofika na mizigo, hazikupita mlango wa ghala letu. Tulishusha magunia kwa mikono huku mvua ikinyesha, na unga mwingi ukaharibika. Kosa lilikuwa langu. Nilipima bei, sikupima mlango.

Majeshi hayawezi kulipuuza jambo hili, maana mzigo mmoja hupita melini, ndegeni, lorini na ghalani kabla ya kumfikia askari anayesubiri dawa. Jeshi la Marekani lilitumia paleti kwa wingi katika Vita Kuu ya Pili (1939–1945), na kipimo chake cha kawaida ni inchi 48 kwa 40. Majeshi ya NATO hutumia kinachokaribiana nacho: milimita 1,200 kwa 1,000.

Fanyeni hesabu. Upana wa ndani wa kontena la meli ni kama milimita 2,330. Paleti mbili zikilazwa kwa upande mrefu ni 2,400, haziingii. Geuzeni moja: 1,200 na 1,000 ni 2,200, zinaingia. Tena paleti nne za namna hiyo hukaa juu ya paleti moja ya alumini ya ndege za jeshi la Marekani, yenye inchi 108 kwa 88.

Australia ina paleti ya mraba, milimita 1,165 kila upande. Inafaa sana nchini mwao, lakini mbili ni 2,330: ndani ya kontena hilo haibaki hata nafasi ya kidole. Kuibadili si rahisi, kwa kuwa rafu na malori yamekwisha jengwa kwa kipimo hicho.

Basi anayechagua kipimo aanze na mlango mwembamba kuliko yote njiani, kisha akubaliane na wote watakaoupokea mzigo.

Wadogo zangu, hesabu hii ni ya kujumlisha tu. Nilifundishwa hapa hapa. Siku ilipohitajika sikuitumia.