Pikipiki ya Kale: Tuiendeshe au Tuifungie?



Kabla serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki zilikuwa chache. Yamaha ya kanisa ilibeba mhubiri, dawa, hata mgonjwa. Sasa vijana wanataka ifanye boda boda. Wazee wanasema ifungiwe stoo.

Sisi tunasema: kufungia si kutunza. Petroli ikilala miezi huziba kabureta, tangi hushika kutu, mipira hukauka. Lakini ukiipakia magunia na abiria watatu, umeiua, na spea zake ni za kutafutwa.

Basi iendeshwe kila wiki, dereva awe mmoja, na daftari liandikwe. Biashara ifanywe na pikipiki mpya.

Kitunze kikutunze.