Kifuu Kikavu ni Makaa, Dafu Bichi ni Mzigo

Haya ni maelezo ya afisa wa mazingira kwa wakazi wa Buxton kuhusu kugeuza mabaki ya minazi kuwa makaa ya kupikia. Tunayachapisha kwa faida ya wakazi wote wa kaunti.

 

Mmeniuliza kama ni kweli vifuu na makumbi yanaweza kupika chakula badala ya makaa ya miti. Jibu ni ndiyo. Lakini ndiyo hiyo ina masharti matatu, na asiyeyafuata hupata hasara, na pengine madhara. Sharti la kwanza ni kutenga, la pili ni kukausha, la tatu ni hewa. Naomba tuyachukue moja moja.

Kwanza tuelewe kwa nini jambo hili linatuhusu. Kisiwa cha Mombasa hakina msitu wa kuchomea makaa. Magunia tunayonunua hutoka Kinango, Magarini, Tana River na Taita Taveta. Kwa hivyo mti ukikatwa huko, au barabara ikiharibika kwa mvua, bei hupanda hapa. Mnakumbuka Februari 2018, Serikali ya kitaifa ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Makaa yalipanda bei katika miji mingi, na aliyeumia zaidi ni yule anayenunua kwa mkebe. Wengine nao wamegeukia mikoko ya hapa karibu, kwenye mkono wa bahari wa Tudor. Mikoko hiyo ndiyo malezi ya samaki na kamba, na ndiyo inayoshika matope ya ufuo. Tukiimaliza kwa kuni, tutakuwa tumechoma kitoweo cha kesho ili tupike cha leo.

Wakati huohuo tunatupa kitu kinachowaka. Kwale na Kilifi ndizo kaunti zinazoongoza kwa minazi nchini, na nazi zao huishia humu mjini. Kila nyumba yenye mbuzi ya kukunia hutoa vifuu. Kila muuza madafu, kuanzia Mama Ngina hadi Mwembe Tayari, huacha rundo jioni. Takataka hizo hupakiwa kwenye lori na kusafirishwa hadi Mwakirunge, na gharama ya safari hiyo ni pesa za umma.

Sasa sharti la kwanza, kutenga. Kifuu kilichotupwa pamoja na maji ya samaki, pampasi na mifuko si malighafi tena. Hakuna atakayekaa kukichambua, na plastiki ikiingia kwenye moto wa makaa hutoa moshi wenye sumu. Kutenga si hiari pia. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Kazi ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ni kuzoa taka na kusimamia majaa. Lakini gari la taka haliwezi kutenganisha kilichochanganywa jikoni. Kwa vifuu jambo ni jepesi: weka gunia moja kando, na usitie kitu kingine ndani yake.

Sharti la pili ni kukausha, na hapa ndipo wengi hukwama. Watu huona rundo la madafu wakadhani ni rundo la makaa. Dafu bichi sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ukilitia motoni, moto wote unakwisha kwa kukausha yale maji, nawe unabaki na moshi. Kifuu cha nazi pevu ni kigumu na kikavu, na ndicho bora. Makumbi ya dafu yapasuliwe vipande vidogo, yaanikwe juani mpaka yavunjike kwa mkono. Msimu wa mvua kazi hiyo ni ngumu, kwa hivyo kikundi kisicho na paa la kuhifadhia kisianze na madafu. Kianze na vifuu.

Kifuu kikishakauka huchomwa kwa hewa kidogo ili kigeuke makaa badala ya majivu. Njia rahisi ni pipa la chuma lenye matundu chini. Hujazwa vifuu, huwashwa, na mwanzoni hutoa moshi mzito mweupe. Moshi ukipungua na kuwa mwepesi, matundu huzibwa kwa udongo, kifuniko hufungwa, na pipa huachwa lipoe hadi siku ya pili. Anayefungua mapema huona makaa yakiwaka upya mbele ya macho yake. Kilo 10 za vifuu vikavu hutoa takriban kilo 3 za makaa. Hayo husagwa, huchekechwa, huchanganywa na uji mwepesi wa unga wa muhogo, hushindiliwa kwa mashine au kwa kipande cha bomba, kisha huanikwa siku 3 hadi 5.

Ndugu zangu, nasema wazi: pipa hilo si la kuwashwa Buxton. Nyumba za zamani za baraza zimebomolewa na ghorofa zimesimama, watu wanaishi juu ya watu. Moshi wa pipa moja utaingia madirisha mengi. Uchomaji ufanywe mahali pa wazi, mbali na makazi, na kwa idhini. Kazi ya Buxton ni kutenga, kukausha na kuuza vifuu kwa wanaochoma. Pwani hapa, Kencoco imekuwa ikitengeneza makaa kutokana na mabaki ya minazi. Kikundi kinachotaka kujifunza kiulize katika kituo cha utafiti wa misitu cha KEFRI, Gede.

Hata hivyo, ipo kazi moja ya makaa inayoweza kufanyika mtaani bila pipa. Kila muuza makaa ana chenga chini ya gunia ambazo hazinunuliwi. Chenga hizo zilishachomwa tayari. Zikichekechwa mchanga ukatoka, zikakandwa kwa uji wa muhogo na kuanikwa, huwa makaa kamili. Kikundi kikianza hapo kitajifunza kukanda na kukausha kwa gharama ndogo, kabla ya kununua mashine. Tafadhali andikeni kila kinachoingia na kutoka, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Mama mmoja ameniuliza namna ya kutambua makaa mazuri ya aina hii. Gonga mawili pamoja: yaliyokauka hulia kavu, mabichi hayatoi sauti. Yasivunjike mkononi. Yakiacha majivu mengi mazito, ujue yametiwa udongo kupita kiasi, na umenunua uzito usiowaka. Nunua kwa kilo, usinunue kwa kuhesabu vipande. Nawe muuzaji, usimwambie mteja kwamba yanashika upesi kama makaa ya mti. Hushika polepole, lakini yakishashika hukaa. Yanafaa maharagwe, mbaazi, supu, na kupalia wali. Kwa chai ya haraka ya alfajiri, pengine hutayapenda. Na usiyachokoechokoe, yatamomonyoka.

Wenzetu wameonyesha kwamba mabaki ya shamba si kitu cha kudharau. Kiwanda cha saruji cha Hima, magharibi mwa Uganda, kimetumia maganda ya kahawa kuchoma tanuri lake. Kama maganda ya kahawa yanachoma saruji, kifuu hakishindwi na sufuria ya mbaazi.

Nimebakisha sharti la tatu, hewa, nanyi mlishike kuliko mengine yote. Makaa ya vifuu hayana moshi mwingi, na kwa sababu hiyo watu huyaona ni salama ndani ya chumba. Si salama. Makaa yoyote, ya mti au ya kifuu, hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki. Mtu huanza kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na asipotolewa nje hufa. Hatari ni kubwa zaidi usiku wa mvua, seredani ikiingizwa ndani na dirisha kufungwa. Kwa hivyo pika penye dirisha wazi au kwenye roshani. Usilale na seredani chumbani, hata makaa yakionekana yamefifia. Hata chetezo cha ubani kisiachwe kikiwaka watoto wakiwa wamelala na mlango umefungwa. Ukimkuta mtu amelegea, mtoe penye hewa kwanza, kisha mpeleke hospitali.

Nikusanye niliyoyasema. Makaa ya vifuu hayatamaliza haja yote ya Mombasa, na anayeahidi hivyo anauza maneno. Lakini yanaweza kupunguza magunia tunayoagiza kutoka misitu ya jirani, kuokoa mikoko ya Tudor, na kuwapa vijana wachache kazi ya halali. Yote hayo yanategemea jambo dogo linalofanyika jikoni, baada ya nazi kukunwa na kabla ya kifuu kuingia kwenye ndoo ya taka.

Kuanzia leo, kila nyumba iweke gunia lake la vifuu. Viongozi wa ghorofa na wa nyumba kumi wakubaliane mahali pakavu pa kuyakusanya, na muuza madafu wa mtaa aelezwe kwa upole, si kwa kufukuzwa. Tukishakuwa na magunia yaliyojaa na makavu, mnunuzi tutamtafuta pamoja.

Sasa nasubiri maswali yenu.