Miti Mitatu Iliyo Hai: Kuchagua na Kutunza Mimea ya Bustani katika Ardhi Kame

Mada iliyotolewa na Idara ya Maliasili katika mkutano wa wakazi wa kata, kabla ya msimu wa mvua



Kila mvua zinapoanza, miche hupandwa kwa moyo mkunjufu katika nyua za nyumba, shule na zahanati. Kila ifikapo Oktoba, mpita njia huona vijiti vikavu vimezungushiwa uzio wa miiba, kana kwamba miiba ndiyo iliyokuwa ikitunzwa. Miche hiyo haikufa kwa kukosa mapenzi ya wenyewe. Mingi ilikufa kwa kuwa ilichaguliwa bila ardhi kuulizwa, au kwa kuwa ilikuwa mingi kuliko maji ya kaya. Kwa hiyo mada hii inajibu maswali matatu: kipandwe nini, kipandwe kiasi gani, na kitunzwe vipi.

Ardhi iulizwe kwanza

Sehemu kubwa ya Mkoa wa Dodoma hupata takriban milimita 500 hadi 700 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba mche huishi kwa akiba yake na kwa huruma ya mwenye kaya.

Historia ya mkoa huu inalo fundisho kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa. Matrekta yalifyeka pori na fedha nyingi zikamwagwa, lakini mvua haikutosha, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mibuyu ya nchi hiyo, ambayo haikuletewa trekta wala mbolea, ingali imesimama. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima; lakini katika nchi kame, asiyechagua mti hatakuwa na kivuli.

Miti ya kuchagua

Mkwaju hukua polepole, lakini mizizi yake huenda chini sana, kivuli chake ni kizito, na matunda yake huliwa na kuuzwa. Anayeupanda leo huwapandia wajukuu. Mkunazi huvumilia ukame na huzaa mapema. Mlonge huota upesi kwa mbegu au kwa kipande cha tawi, na majani yake ni mboga yenye lishe. Ila hauvumilii maji yaliyotuama. Mwarobaini, ulioletwa kutoka bara Hindi, huanza kutoa kivuli baada ya miaka michache tu, lakini ndege husambaza mbegu zake, hivyo miche inayojiotea ing'olewe mapema. Migunga ya asili hulisha mifugo kwa maganda yake wakati nyasi zimekwisha.

Mti wa kivuli ufaao zaidi ni ule unaopandwa upande wa magharibi wa nyumba, kwa kuwa jua la alasiri ndilo linalochoma kuta. Mbuyu upewe nafasi yake mbali na nyumba, kwa sababu ya unene wa shina lake na upana wa mizizi yake. Mkaratusi usipandwe karibu na kisima wala chemchemi, kwani ni mnywaji mkubwa wa maji.

Mti mmoja unahitaji tahadhari ya pekee. Katika Kaunti ya Baringo nchini Kenya, mti ujulikanao kwa jina la mathenge ulipandwa katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Ulistawi kupita matarajio: ukafunika malisho, na wafugaji wakalalamika kuwa maganda yake yenye sukari yanaozesha meno ya mbuzi. Malalamiko hayo yalifika mahakamani. Kustahimili ukame, basi, si sifa inayotosha peke yake.

Mimea ya miiba na ya utomvu

Dungusi kakati na jamaa zake ni wageni kutoka bara la Amerika. Huhifadhi maji katika mwili wao mnene, na vinyweleo vyao vya kupumulia hufunguka usiku, wakati jua haliwezi kuyanyonya maji hayo. Ndiyo sababu hupendeza katika bustani pasipo na bomba.

Hata hivyo, kila kipande cha dungusi kinachoanguka chini huweza kuota mizizi, na ndege na nyani hula matunda na kusambaza mbegu. Huko Laikipia, Kenya, dungusi lililotoka bustanini limevamia malisho, na miiba yake midogo kama nywele hujeruhi vinywa na macho ya mifugo. Kwa hiyo anayependa mmea huu aukuze ndani ya chungu au katika kitalu kilichozungushiwa mawe, achume matunda kabla hayajaiva, na asitupe mabaki yake porini wala korongoni. Vipande vilivyokatwa vikaushwe kabisa juani juu ya bati au mwamba, kisha vichomwe. Kuufanya mmea huu kuwa uzio kando ya malisho ni kumwachia jirani deni.

Anayeupanda akate kipande kizima na kukiweka kivulini kwa muda wa wiki moja, hadi kidonda kikauke. Kisha akisimike katika udongo wenye mchanga mwingi na kokoto, usiotuamisha maji. Mmea huu hufa kwa maji mengi mara nyingi kuliko kwa kiu. Umwagiliwe pale udongo unapokuwa umekauka kabisa, na wakati wa mvua usiongezewe hata tone.

Mnyaa, uonekanao sana kwenye mipaka ya viwanja, si dungusi, bali ni mwenyeji wa Afrika. Utomvu wake mweupe huchoma ngozi na huweza kudhuru macho vibaya. Anayeupogoa afunike macho na mikono, na watoto wasiachwe kuchezea matawi yake. Utomvu ukiingia jichoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji safi mengi, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi.

Hesabu ya maji

Mche mmoja ukipewa lita 10 kwa wiki, kwa wiki 30 za kiangazi, utahitaji lita 300. Miche mitatu itahitaji lita 900, yaani madumu 45 ya lita 20. Miche kumi itahitaji madumu 150. Madumu hayo hayaendi yenyewe bustanini. Katika kaya nyingi hubebwa kichwani na akina mama na mabinti, baada ya saa kadhaa za foleni kisimani. Mwenye kaya anayepanda miche kumi na kuacha saba ife amepoteza miche saba pamoja na jasho la watu wake. Miche mitatu iliyo hai ina heshima kuliko kumi iliyoandikwa kwenye daftari.

Utunzaji

Shimo lichimbwe kabla ya mvua, lenye upana na kina cha sentimita 60. Udongo wa juu utengwe, uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza, na urudishwe kwanza. Mche upandwe Desemba au Januari, baada ya mvua kulowesha ardhi. Unaopandwa Aprili hukutana na kiangazi kabla mizizi haijashuka. Kiriba kiondolewe chote, na mizizi iliyojikunja ikatwe.

Kuzunguka mche, upande wa mteremko, ujengwe ukingo wa nusu mwezi ili maji ya mvua yasikimbie. Nyasi kavu zitandazwe juu ya udongo, lakini ziachwe umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, ili mchwa wasipate daraja. Maji yamwagwe mengi kwa mara moja, jioni, na si kikombe kila siku. Maji ya juu juu huifundisha mizizi kukaa juu. Mwenye mtungi wa udongo usionakshiwa kwa rangi aufukie kando ya mche, aujaze na kuufunika: maji yatavuja polepole hadi kwenye mizizi. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa pia, mradi hayana sabuni nyingi. Mbuzi wazuiwe kwa uzio tangu siku ya kwanza.

Mti ambao haukupandwa

Mwisho, mti wa bei ndogo kuliko yote huenda tayari uko kiwanjani. Visiki vya miti ya asili iliyokatwa vina mizizi hai iliyokwisha kufika chini. Mbinu ya kisiki hai ni kuchagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, kuondoa mengine, kuweka alama ya kitambaa ili kila mtu ajue kuwa kisiki kina mwenyewe, na kukilinda. Hakidai dumu hata moja la maji.

Kabla mvua hazijaanza, kila kaya inahimizwa kuzunguka kiwanja chake, kuhesabu visiki vilivyo hai, kuhesabu maji yake, na ndipo kuomba miche. Afisa Ugani wa Kata yupo kwa ajili ya ushauri wa aina ya mti na mahali pa kuupanda, na anayetaka kukata mti wa asili aanzie kwa Mtendaji wa Kijiji.

Oktoba ijayo ndiyo itakayotoa majibu.