Samora Machel, Kamanda wa Vita vya Ukombozi wa Msumbiji

Samora Moisés Machel alizaliwa mwaka 1933 Chilembene, Gaza, kusini mwa Msumbiji. Kabla ya kushika bunduki alikuwa muuguzi Lourenço Marques, Maputo ya leo. Kwao wanaume walikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Kaka yake mmoja alifia huko. Mwaka 1963 alitorokea Dar es Salaam kupitia Bechuanaland, akajiunga na chama cha ukombozi cha FRELIMO, kilichoundwa mjini humo mwaka uliotangulia chini ya Eduardo Mondlane.

Chama kilimpeleka Algeria, iliyokuwa imetoka tu kujikomboa kwa mtutu wa bunduki, akajifunze vita vya msituni. Aliporudi alikabidhiwa mafunzo ya wapiganaji kambini Kongwa. Vita dhidi ya wakoloni wa Kireno vilianza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, Cabo Delgado. Mkuu wa ulinzi, Filipe Samuel Magaia, aliuawa Oktoba 1966, na Machel akashika nafasi yake.

Anasifiwa zaidi kwa mapigano, lakini kazi yake kubwa ilifanyika nyuma ya mstari wa mbele, Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Katika shamba lililoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza alijenga jeshi kwa mpangilio uliowaudhi baadhi ya wakubwa wa chama. Mmakonde alilala bweni moja na Mmakua na Mshangani. Asubuhi mazoezi, halafu jembe, halafu ubao na chaki, maana wengi hawakujua kusoma. Kuanzia mwaka 1967 wanawake nao walifunzwa silaha. Kambi ilijilisha kadiri ilivyoweza, na mpiganaji aliyepora mali ya wanakijiji aliadhibiwa. Hapo ndipo palipokuwa na siri ya nguvu ya jeshi hilo: mwanakijiji wa Cabo Delgado aliyebeba risasi kichwani kutoka mto Ruvuma asingelibebea jeshi linalomwibia.

Mondlane aliuawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Uongozi ukawa wa watu watatu, Uria Simango, Marcelino dos Santos na Machel. Mei 1970 Machel akawa rais wa chama. Wiki chache baadaye Jenerali Kaúlza de Arriaga wa jeshi la Ureno alimwaga maelfu ya askari na ndege kaskazini katika operesheni Nó Górdio. Kambi nyingi ziliteketezwa. Wapiganaji hawakung'ang'ania ardhi. Walitawanyika, na uzito wa vita ukahamia Tete, kulikokuwa kukijengwa bwawa la Cahora Bassa, kisha Manica na Sofala. Wareno waliteka kambi tupu na kubaki na mstari mrefu zaidi wa kulinda.

Mapinduzi ya Aprili 1974 mjini Lisbon, yaliyofanywa na maafisa waliochoshwa na vita hivyo, yalifungua mlango wa mkataba wa Lusaka wa tarehe 7 Septemba. Mei 1975 Machel alianza safari ya kutoka Ruvuma hadi Maputo, na tarehe 25 Juni akatangaza uhuru.

Alipokuwa rais wa nchi, jeshi lake lilipokea vifaru vya Kisovyeti na mpangilio wa jeshi la kawaida, halafu likakabiliwa na waasi wa RENAMO, adui aliyetawanyika kama wapiganaji wa FRELIMO walivyotawanyika zamani, ingawa huyu aliwatisha na kuwaua wanavijiji. Vita hivyo vilikuwa havijaisha ndege ya Machel ilipoanguka Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986.